LocalSend: nimeitumia kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta, na zinafika kama zilivyopigwa

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una simu na kompyuta, unataka picha zifike bila kupungua hata kidogo na hutaki kula bando, weka programu ya LocalSend pande zote mbili, habari imeisha. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeikata kwa sababu ambazo nitazitaja huko chini na zinaudhi kweli, hasa ile ya Windows.

Mimi nina steshenari ndogo, tunatoa fotokopi, tunaprinti, tunalamineti, tunasafisha picha za pasipoti na za fremu, na siku hizi karibu kila picha inayoingia kwenye mashine yangu imetoka kwenye simu ya mtu. Picha za send-off, mabango ya msiba, tisheti za kipaimara, kalenda za vikoba, zote simu. Na kiukweli kamera sio tatizo tena, hata hizi simu za bei ya kawaida zinapiga picha inayotosha kabisa kwenye fremu ya A4. Tatizo ni njia ambayo picha inapita kuja kwangu. Mtu anafika kaunta, hata salamu haijaisha anasema "nipe namba yako ya WhatsApp nikurushie", na hapo ndo picha inapofia.

Ngoja niliseme hili la WhatsApp vizuri kwa sababu ndo chanzo cha ugomvi wote. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza. Haifanyi kwa ubaya, inafanya ili ifike haraka na isimalize bando la watu, na ukiitazama kwenye kioo cha simu huwezi kujua kama kuna kilichopotea. Simu nyingi zinatoa picha ya megapikseli 12, yaani pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 4000 kwa 3000 hivi. Ikishapita WhatsApp upande mrefu kwa kawaida unaishia kwenye 1600 mpaka 2048 hivi, na juu ya kupunguzwa vipimo inabanwa tena, faili lililokuwa na MB 4 linafika na KB mia mbili tatu. Sasa hesabu ya karatasi haina huruma. Ukitaka A4 iliyotulia unahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, na A4 ni inchi 8.27 kwa 11.69, kwa hiyo unataka pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya 1600 ukiivuta ijae hiyo karatasi unabaki na pikseli kama 137 kwa inchi. Chini ya nusu.

Kwenye karatasi inaonekana hivi: bibi harusi kasuka rasta nyembamba, kwenye picha halisi unaona msuko mmoja mmoja mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kwenye ile ya WhatsApp misuko imeungana imekuwa doa jeusi. Lesi ya gauni imepoteza matundu. Na chini ya kidevu, pale penye kivuli, ngozi inakuwa na viraka vya mraba mraba, kwa sababu JPEG, ule muundo wa faili wa picha nyingi, inabana picha ikiwa imeikata kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8, sa ukibana sana ile mipaka ya vipande inajitokeza. Mteja akiona anakuambia printa yako mbovu. Wino wa watu unasingiziwa bure.

Na hapo nimezungumzia picha iliyotumwa mara moja. Ile ya marehemu ambayo imetoka kwa mtoto wa kaka yake, ikaenda kwenye grupu la familia, mtu akaipiga skrinshoti, akaiweka status, mwingine akaichukua kutoka status ndo akaniletea mimi nitengeneze bango la mita moja, hiyo ni fotokopi ya fotokopi. Uso unakuwa chenga tupu. Nikiletewa hiyo huwa nauliza kwanza nani aliipiga, na mara nyingi yupo, simu yake ipo, picha halisi bado imekaa kwenye galari yake na kama yuko karibu anakuja nayo tunamaliza.

Niwe mkweli upande wa pili pia. Kwa pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45 unahitaji pikseli 413 kwa 531 tu, kwa hiyo WhatsApp ya kawaida inatosha, ili mradi mtu kapigwa uso na mabega, sio unaniletea picha ya watu kumi na wawili wako ufukweni nikukatie kichwa chako kutoka pembeni.

Tukija kwenye LocalSend yenyewe. Ni programu ya bure, haina matangazo, haina akaunti wala kuomba namba ya simu, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoijenga, uko wazi kila mtu anaweza kuusoma. Ipo ya Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Kinachofanyika ni kwamba simu na kompyuta zikiwa kwenye waifai moja zinaonana moja kwa moja, faili linatoka huku linaingia kule, haliendi kwenye seva ya mtu Ulaya au Marekani halafu lirudi. Ndo maana halili bando. Hata intaneti ikiwa haipo kabisa inafanya kazi, inachohitaji ni hizo mashine mbili ziwe kwenye mtandao mmoja wa ndani, basi. Hapa kwangu luku ikikata au umeme ukizimika na ruta ikalala, nawasha hotspoti ya simu ya Android nikiwa nimezima data, laptop inajiunga na hiyo hotspoti, kazi inaendelea. Watu wengi hawajui kama hotspoti inaweza kuwashwa bila data.

Kuitumia ni hivi. Unaifungua kwenye kompyuta unaiacha kwenye ukurasa wa kupokea, inajipa jina la ajabu ajabu la kivumishi na tunda au mboga, usishangae ukikuta kompyuta yako inaitwa karoti fulani, unaweza kubadilisha kwenye setingi na mimi nimebadilisha nimeandika jina la duka ili wateja wasichanganyikiwe. Kwenye simu unaenda kwenye kutuma, unachagua picha, kompyuta inatokea pale chini, unaigusa, kompyuta inauliza unakubali, unakubali. Zinaanza kushuka. Picha mia za harusi unaziona zinahesabiwa moja moja na kasi yake iko pale, na kasi inategemea waifai yako, ukiwa karibu na ruta na ruta yenyewe ina masafa ya gigahezi 5 inakimbia vizuri, ukiwa kwenye ruta ya zamani ya 2.4 na majirani wote wako kwenye masafa hayo hayo itakwenda polepole lakini itafika.

Swali la msingi ni ubora, na hapo sikutaka kuamini macho. Nilichukua picha moja, nikaileta kompyuta kwa waya, nikaileta tena kwa LocalSend, nikazilinganisha. Njia ya kwanza rahisi kwa kila mtu: bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda Properties, angalia ukubwa kwa baiti, ile namba ndefu sio ile ya MB iliyokadiriwa, halafu kwenye Details angalia vipimo vya pikseli. Zilikuwa sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Njia ya pili kwa wabishi, na mimi ni mbishi, ni kufungua ule ukurasa mweusi wa amri wa Windows (Command Prompt) ukaandika certutil -hashfile halafu jina la picha halafu SHA256, inakupa mstari mrefu wa herufi na namba, ukifanya kwa faili zote mbili na mistari ikafanana herufi kwa herufi basi hizo faili ni kitu kimoja, hakuna baiti hata moja iliyoguswa. Ikafanana. Ile ya WhatsApp usijisumbue kuipima hivi, ukubwa peke yake unakupa jibu.

Na faili likiwa halijaguswa linakuja na taarifa zake zote ndani, tarehe na saa ya kupigwa, aina ya simu, mipangilio ya lenzi, na kama mpigaji aliruhusu basi na mahali palipopigwa panaweza kuwamo. WhatsApp ukituma picha kawaida inazifuta hizo. Kwangu mimi tarehe ni muhimu kuliko mtu anavyodhani, mtu akileta picha za simu mbili za harusi ile ile nazipanga kwa saa ya kupigwa, inajipanga yenyewe kuanzia saluni mpaka kukata keki. Za WhatsApp zote zinakuwa na tarehe ya siku zilipotumwa, unabaki unabahatisha kama maharusi waliingia ukumbini kabla ya keki au baada. Ila na nyie angalieni, kama picha ina mahali pa nyumbani kwako ndani yake, fikiria unampa nani hilo faili halisi.

Sasa lawama. Ya kwanza na kubwa ni Windows. Unaweka programu, simu iko pale, kompyuta iko pale, na hazionani. Unazima unawasha, wapi. Mara nyingi ni kwamba Windows imeuchukulia waifai wako kuwa mtandao wa hadharani, ule wanaouita Public, kwa hiyo ukuta wake wa ulinzi unafunga mlango. Nenda kwenye setingi za waifai, bofya mtandao uliojiunga, badilisha iwe Private, kama ni waifai yako ya nyumbani au ofisini lakini, usifanye hivyo kwenye waifai ya stendi. Na siku ya kwanza ukiifungua Windows huwa inauliza kama unairuhusu ipite, watu wanabofya kufuta kwa kuogopa virusi halafu wanakuja kulalamika. Kama ulifanya hivyo ingia kwenye setingi za huo ukuta uiruhusu, inatumia mlango (port) namba 53317. Hili programu ingeweza kumwambia mtu kwa lugha nyepesi pale pale badala ya kumuacha anatazama kiduara kinazunguka. Mtu asiyejua kompyuta ataishia hapo na kusema haifanyi kazi, na simlaumu.

Ya pili sio kosa lake ila itakukuta. Waifai nyingi za hoteli, migahawa na hata ofisi zimewekwa ili vifaa visionane, kila mmoja anaona intaneti tu. Hapo hata ufanye nini simu haitaiona kompyuta, tumia hotspoti yako. Waifai ya wageni kwenye ruta za nyumbani nayo mara nyingi ni hivyo hivyo. Na kama una VPN, yaani programu ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, imewashwa upande wowote, izime kwanza. Kwenye iPhone kuna ruhusa ya mtandao wa ndani inaombwa mara ya kwanza, ukiikataa ndo basi mpaka urudi setingi uiwashe.

Ya tatu nayo imechangia kuninyima kutoa nyota zote tano, na inanihusu mimi mwenye duka kuliko wewe wa nyumbani. Mteja anayeingia mara moja lazima awe nayo kwenye simu yake ndo atume. Sasa mama kaja na haraka, simu imejaa hata picha mpya haiingii, bando limeisha, unamwambia apakue programu, atakuona msumbufu. Ipo njia ya kutuma kwa kiungo, yaani aliye na programu anatengeneza anwani, mwenzake anaifungua kwenye kivinjari cha kawaida bila kuweka chochote, lakini hiyo inamsaidia mpokeaji asiye na programu, sio mtumaji. Ambapo inafaa sana ni ukiwa wewe ndo una LocalSend kwenye simu na uko kwenye kompyuta ya watu, ya kazini au ya chuo, ambayo hairuhusiwi kuwekwa programu. Mkiwa kwenye waifai moja unafungua kivinjari, unaandika ile anwani ya namba inayooneshwa kwenye simu, picha unazishusha, halisi kabisa.

Kuna setingi ya kupokea moja kwa moja bila kuuliza. Nyumbani iwashe ukipenda. Dukani nimeizima, sitaki mtu aliyekaa kwenye benchi anirushie vitu vyake. Na badilisha folda ya kuhifadhia, kwa kawaida inatupa kwenye Downloads na huko ndo kuna risiti, fomu za watu na kila takataka, mimi nimeielekeza kwenye folda ya kazi na ndani yake kila mteja ana folda yake.

Kwa wateja wa kupita natumia waya, na hapa niseme wazi kwamba waya ndo mfalme bado kama picha ni nyingi, GB thelathini arobaini za mtu aliyepiga harusi nzima na video juu. Waya haupunguzi chochote. Shida za waya ni mbili tatu. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa barabarani zina nyuzi za chaji tu, za kupitisha data hazimo, simu inachaji kompyuta haioni kitu, kwa hiyo kabla hujailaumu simu jaribu waya mwingine, ikibidi ule uliokuja na simu kwenye boksi. Android ukishachomeka inakaa kwenye chaji, lazima ushushe ile taarifa ya juu uchague File Transfer, halafu kwenye kompyuta ingia DCIM, ndani yake Camera, hapo ndo picha halisi zilipo. Folda ya WhatsApp Images iko sehemu nyingine, na usichukue huko hata kama picha inafanana. Ukinakili elfu moja kwa mpigo inaweza kuganda katikati, chukua mafungu mafungu. Na tumia kunakili, sio kuhamisha, mpaka uhakikishe zimefika ndo ufute kwenye simu.

iPhone kwenye Windows ina visa vyake. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 iPhone inahifadhi picha kwa HEIC, muundo mwingine wa faili la picha, ambayo inachukua karibu nusu ya nafasi ya JPEG, ni nzuri tu, ila Windows nyingi haziifungui mpaka uongeze kiendelezi cha HEIF kutoka Microsoft Store, hicho ni bure, na cha HEVC ambacho kinauzwa karibu dola moja. Kwenye iPhone ukienda setingi za Photos chini kabisa kuna sehemu ya kuhamishia Mac au PC, ina Automatic na Keep Originals. Ikiwa Automatic simu inabadilisha HEIC kuwa JPEG wakati wa kunakili, inachosha simu na mara nyingine katikati kompyuta inakuambia kifaa hakifanyi kazi, watu wanadhani waya umekufa. Weka Keep Originals, chomoa, chomeka tena, inapita. Ukitaka yaishe kabisa nenda setingi za Camera, Formats, chagua Most Compatible, kuanzia hapo picha za kawaida zitapigwa JPEG, za zamani zinabaki HEIC kama zilivyo. Jambo lingine la iPhone ambalo limeshawakosesha watu usingizi: kama iCloud Photos imewashwa na umechagua kubana nafasi ya simu, picha halisi nyingi ziko iCloud na simuni kuna vidogo tu, kwa hiyo ukichomeka waya utaona picha chache na utadhani nyingine zimepotea. Hazijapotea, zishushe kutoka kwenye tovuti ya iCloud au badilisha setingi simu izishushe kwanza, ukiwa na nafasi na waifai ya maana.

Hizo njia nyingine nazipitia haraka. Quick Share ya Google, ile iliyokuwa inaitwa Nearby Share mpaka mwanzoni mwa 2024, ipo ya Windows na haipunguzi ubora, laptop mpya na Android inaenda raha, ila kompyuta nyingi za mezani hazina Bluetooth na hapo inakwama, yangu mojawapo. AirDrop kama wewe ni wa iPhone na Mac huna haja ya kusoma haya yote. Bluetooth haipunguzi picha pia, watu wanaisingizia, shida yake ni mwendo, picha tano sawa, mia utazeeka. Google Photos inategemea ulichagua nini: ule ubora wa kubana nafasi unaibana picha na kuishusha mpaka megapikseli 16 kama ilikuwa kubwa zaidi, ule wa halisi hauigusi lakini unakula GB 15 zako za bure ambazo zinagawana na Gmail na Drive, ile enzi ya kuweka bila kikomo ilifungwa tarehe 1 Juni 2021. Telegram ukituma kama picha inabana, ukituma kama faili haibani.

Na kama mtu yuko Songea na mimi nipo huku, LocalSend haisaidii, waya hausaidii, tunarudi kwa WhatsApp, ila kwa mlango mwingine. Usibonyeze galari. Bonyeza ile alama ya klipu, kwenye iPhone ni kijumlisha, chagua Document, halafu ndo uchague picha. Inaenda kama faili, na faili linapokelewa mpaka GB 2, vipimo vyake vyote, baiti zake zote. Kile kitufe cha HD walichoweka Agosti 2023 kinasaidia kuliko kawaida na kwa fremu ndogo nitakipokea, ila bado kinabana, sio halisi, na watu wakiona imeandikwa HD wanadhani wamemaliza. Document inakula bando kwako wakati wa kutuma na kwangu wakati wa kupokea, picha hamsini za MB 4 ni MB 200 kila upande, kwa hiyo chagua za maana kwanza, usinitumie picha thelathini za keki.

Kuna studio moja mjini, sitaitaja, inawaambia wateja wote watume WhatsApp kawaida, halafu picha ikitoka na chenga wanamwambia mteja simu yake ina kamera mbaya anunue nyingine au alipie wao wampige upya. Wateja wao kadhaa wameishia kwangu na simu zile zile, picha zile zile kutoka DCIM, zimetoka A3 safi. Ukipiga hesabu picha ya pikseli 4000 kwenye A3 unapata kama 240 kwa inchi, kwa picha ya kuning'inia ukutani hakuna mtu atakayekuja kuihesabu. Hiyo studio sijui hawajui au wanajua, lakini bei yao haikupungua.

Wa nyumbani anayetaka tu kutoa picha kwenye simu iliyojaa azihifadhi kwenye laptop, LocalSend inakufaa moja kwa moja, ikupe shida siku ya kwanza ya ule mlango wa Windows halafu utaisahau. Mwenye duka kama mimi, iwe nayo kwa wateja wa kudumu na wapiga picha wanaoleta kazi kila wiki, wao ninawawekea mwenyewe kwenye simu kwa waifai ya duka, na pembeni uwe na waya mbili nzuri, ya Type-C na ya iPhone ya zamani, zifunge kwenye meza kwa kamba kwa sababu zinaondoka na watu. Nimebandika pia karatasi kaunta yenye hatua za Document kwa herufi kubwa, imepunguza maneno mengi.

Inapatikana Play Store, App Store, na ya kompyuta kwenye localsend.org. Andika hiyo anwani mwenyewe, usitafute jina halafu ukabofya tangazo la kwanza linalotokea juu. Ya Windows kuna toleo la kuweka na kuna lile la zipu unalifungua na kulitumia hapo hapo hata kutoka kwenye flashi, mimi naenda nalo kwenye kumbi nikiwa na kazi ya kuprinti picha papo hapo.

Nyota 4.5.